Jina la Baba Kwenye Kadi

Ugomvi wa kadi za harusi ya Weldon ulianza kwa upole, na hiyo ndiyo tabia ya ugomvi mkubwa. Christabel, mchumba wake, alitaka kadi zichapishwe mjini Kericho, dukani kwa Phelix, ziwe na herufi za dhahabu na utepe mweupe pembeni. Jirani yao Jonah, mwalimu mstaafu, akasema upuuzi gani huo, kwani yeye si ana mashine nyumbani? Alikuwa nayo kweli. Ilikuwa mashine ya stensili, ile ya kuzungusha kwa mkono, aliyopewa na shule alipostaafu kwa sababu hakuna aliyetaka kuibeba kwenda kuitupa. Ndiyo iliyochapisha nyimbo za kanisani, na waumini walirudi nyumbani na wino kwenye pua.

Basi kijiji cha Sigowet kikagawanyika, nyumbani au dukani. Hata pale kituoni, watu wakisubiri lori la kiwanda lije kuchukua majani chai, kila mmoja alikuwa na maoni yake, na wengi wao hawakuwa wamealikwa.

Mtu mmoja tu hakujali dhahabu wala utepe, na huyo ndiye ambaye Weldon alimwogopa kuliko wote. Rebeccah Tapkigen alikuwa bibi mfupi, mkavu, mwenye koti la kiume lililomfika magotini, na alipokaa kwenye kiti chake karibu na mlango hata kuku waliomba ruhusa kupita.

"Mimi nauliza kitu kimoja," alisema. "Jina langu litakaa wapi?"

Weldon akatazama viatu vyake. Alijua swali hilo lingekuja, na kwa wiki nzima alikuwa amelikimbia kama mtu anayekimbia deni.

Maana mambo ni haya. Rebeccah aliolewa akiwa msichana, mumewe akafariki mapema, na mtoto hakupatikana. Nyumba isiyo na mrithi ni moto unaozimika, na Rebeccah hakuumbwa kukaa akitazama moto ukizima. Alifanya kile ambacho mila ya Kipsigis inamruhusu mwanamke aliye katika hali yake: alitoa ng'ombe, akatuma wazee, akaposa, akaoa. Alimwoa Marcella. Marcella akazaa Weldon. Kwa hiyo baba yake Weldon ni Rebeccah, na hakuna mzee pale Sigowet anayeona ajabu. Swali la nani alipita wapi na lini ni swali la mtu asiye na adabu, na watu wa namna hiyo hawakupewa chai katika boma lile.

Nyumbani Weldon alimwita baba. Ng'ombe akiugua, ni "Baba, ng'ombe anaugua." Siku alipotoka jandoni, Rebeccah ndiye aliyesimama mahali pa baba, na koti lake lile lile. Weldon alimpenda, tena sana. Lakini kupenda ni kitu kimoja na kuona haya ni kingine, na vyote viwili vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja bila kusalimiana.

Haya zilimshika siku watu wa Christabel walipokuja kuona boma. Walikuwa watu wa ziwani. Oyugi, baba yake Christabel, alikuwa karani katika ofisi ya shamba kubwa la chai, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni. Alifika, akamnyoshea Rebeccah mkono, akauliza huyu mzee wetu ni nani. Weldon akafungua kinywa kusema baba, na kilichotoka kikawa, "Huyu ni kogo." Yaani nyanya. Rebeccah akalimeza jina hilo. Oyugi akamwamkia kwa heshima zote anazostahili nyanya, kisha mazungumzo yote ya siku ile akayafanya na Jonah, akidhani ndiye mkubwa wa ukoo. Jonah, Mungu amsamehe, alifurahia. Na Christabel tangu siku hiyo akawa anamwita Rebeccah "Dani", jina la nyanya kwa lugha yao, akimtania, akimvuta mkono wa koti, akimwambia kwamba Weldon akimshinda, ataolewa na yeye Dani. Rebeccah alicheka naye. Akiondoka, kicheko kiliisha.

"Siku ile uliniita kogo nikanyamaza," alimwambia Weldon sasa. "Nilisema ni kijana, haya zitamtoka. Lakini karatasi ikishaandikwa imeandikwa. Niandike mahali pa baba. Usiponiandika, mimi kwa hiyo harusi sikanyagi, na baraka ya baba mtaitafuta kwa mtu mwingine."

"Lakini Baba, watu watashangaa."

"Washangae wakiwa wamekaa. Si mnakodisha viti?"

Weldon akamgeukia mama yake kuomba msaada. Marcella alikuwa akichekecha mahindi mlangoni mwa jikoni, na hakuinua hata kichwa. "Andika vile amesema," alimwambia mwanawe. "Mimi nimeishi na huyu miaka yote, wewe unamjua tangu juzi."

Weldon akachagua duka. Alijiambia ni kwa ajili ya Christabel na dhahabu yake. Ukweli ni kwamba alitumaini jambo lile likiandikwa kwa herufi nzuri, lingejieleza lenyewe, naye asilazimike kufungua mdomo.

Phelix, mwenye duka la uchapishaji, alikuwa mtu wa vidole vyeusi na roho nyeupe. Alipanga herufi zake za madini ya risasi moja moja kwa koleo ndogo, akiimba nyimbo za kwaya, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba kosa halitoki dukani kwake. Kwa vile kadi za harusi zote zinafanana, maneno "Bw. na Bi." alikuwa ameyafunga pamoja kwa uzi zamani, na uzi huo haukuwa umefunguliwa tangu duka lifunguliwe. Tena alisali kanisa moja na Oyugi. Neno ukimwambia Ijumaa, Jumapili lilikuwa limekaa benchi ya mbele. Hilo Weldon alilifikiria njia nzima.

Akampa karatasi bila kusema lolote. Ilisema: familia ya Bi. Rebeccah Tapkigen na Bi. Marcella Chepkosgei.

Phelix akaisoma, akatabasamu. "Ndugu, hapa umeandika Bi. mara mbili."

"Iache tu hivyo."

"Bw. anaitwa nani?"

"Ni... vile imeandikwa hapo."

Phelix akamshika bega. Alikuwa ameona mabwana harusi wengi. "Usijali," akamwambia. "Harusi huchanganya kichwa. Mimi mwenyewe siku yangu nilisahau jina la shemeji. Nenda, nitarekebisha."

Na kweli alirekebisha. Weldon aliporudi kuona mfano, alikuta Bw. Reuben Tapkigen na Bi. Marcella. Reuben alikuwa amezaliwa pale pale dukani, kwa juhudi za Phelix peke yake.

"Si Reuben," Weldon alisema. "Ni Rebeccah."

"Rebeccah si mwanamke?"

"Ni mwanamke."

"Basi baba yuko wapi?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema ukweli. Neno moja tu lingetosha, na duka halikuwa na mteja mwingine. Weldon akatazama kalenda ukutani, akaisoma kama mtu anayetafuta sikukuu, kisha akasema kwamba mzee wa boma lile alifariki zamani. Haukuwa uongo kamili, kwa maana mume wa Rebeccah alifariki kweli. Ulikuwa ukweli uliovaa nguo za mwenzake.

Phelix akavua kofia. "Pole sana, ndugu yangu. Ungesema tangu mwanzo. Sasa nimeelewa yote."

Mtu akikuambia ameelewa yote, mkimbie. Weldon hakukimbia. Akamshukuru, akaenda zake. Na Phelix, kwa huruma iliyomjaa, hakungoja hata mfano mwingine ukaguliwe. Alichapisha kadi zote, akazifunga kwa utepe, akazituma Sigowet kwa mkono wa mtu wa kanisani, na salamu za rambirambi juu yake.

Zilikuwa nzuri. Hilo lazima lisemwe. Dhahabu ilimeta hata ndani ya nyumba yenye moshi. Rebeccah, ambaye hakusoma shule, alishika moja, akaigeuza huku na huku, akapitisha kidole juu ya herufi, uso ukalainika. Akampa Jonah. "Soma. Polepole."

Jonah akavaa miwani, akasafisha koo. "Familia ya marehemu Bw. Tapkigen, na mjane wake, Bi. Rebeccah Marcella Chepkosgei..."

 Weldon alitamani sakafu ifunguke. Phelix alikuwa amemkata Rebeccah vipande viwili. Kipande kimoja amekizika, na kingine amekishonea kwa mke wake.

"Marehemu," alisema Rebeccah. "Nimekufa lini?"

Akaigonga kadi kwa kidole.

"Soma tena."

Jonah akasoma tena, labda marehemu angefufuka. Hakufufuka.

Rebeccah akaiweka kadi chini taratibu, na upole ule ulimtisha Weldon kuliko fimbo. "Ulimwambia nini huyo mtu wa duka?"

"Nilimpa karatasi, Baba."

"Nimeuliza ulimwambia nini. Wewe una mdomo, umelelewa kwa maziwa ya boma hili."

 Rebeccah akasimama, akafunga vifungo vya koti. "Tunachapisha nyumbani," akasema. "Jonah, leta chuma chako."

Ikaletwa kwa toroli ya kubebea majani. Jonah alikuwa na furaha ya mtu ambaye neno lake limeshinda. Alipiga stensili kwa taipureta yake kwa vidole viwili, akikariri kila neno kwa sauti: Bi. Rebeccah Tapkigen, baba yake Weldon, pamoja na mkewe Bi. Marcella Chepkosgei. Rebeccah alisimama nyuma yake akisikiliza kila herufi inavyogonga. Weldon akatwikwa kazi ya kuzungusha mkono wa mashine. Mashine ikalia, ikakohoa, ikatema. Karatasi zake za kawaida zilinyonya wino vizuri, lakini Rebeccah alikuwa amekataa karatasi. Alitaka kadi ngumu, manila, kama ya duka, na manila haikuunywa wino ule. Ulikaa juu yake ukang'aa.

"Zitakauka," Jonah alisema. "Zikipata jua."

Jua, na mchana umefika. Katika nchi ya chai mchana ukifika mvua nayo inafika, hata ukiwa na harusi. Wakazitandaza kadi sebuleni juu ya magunia, moja moja. Jonah akaenda kukamua ng'ombe wake, Weldon akaenda naye kumsaidia kurudisha sanduku la wino kabla halijalowa. Rebeccah akabaki peke yake na jina lake, limelala sakafuni mara nyingi kuliko alivyoweza kuhesabu.

Akainama akagusa moja. Mbichi. Akagusa nyingine. Mbichi pia. Na hapa ndipo kilipotokea kitu ambacho kingetokea Sigowet tu. Mtu aliyechuma chai maisha yake yote anajua kwamba majani mabichi yakilala bila kugeuzwa yanapata joto, yanakuwa mekundu, na karani wa kituoni anayakataa mbele ya watu. Majani yanageuzwa. Unaingiza mikono miwili chini, unainua, unayarusha kidogo yapate hewa. Rebeccah hakuwaza mara mbili. Alipiga magoti, akaingiza mikono, akazigeuza kadi zote, akazirusha zipate hewa, akarudia upande wa pili, kwa upendo kabisa.

Christabel ndiye aliyemkuta. Alikuwa amekuja kwa mkutano wa kamati ya harusi, mwavuli mkononi, na alipochungulia mlangoni alimwona Rebeccah katikati ya magunia, mweusi hadi viwiko, mweusi kwenye paji la uso, na kadi zimebandikana wino kwa wino, kila moja imempa mwenzake nusu ya maneno yake.

"Dani," alisema akifa kwa kicheko, "umechuma hizi na kituo wamekurudishia?"

Akaingia, akajitupa kwenye kiti cha Rebeccah karibu na mlango kama alivyozoea, akaokota kadi moja ambayo bado ilisomeka. Weldon na Jonah walikuwa ndio kwanza wanafika, maji yanawachuruzika. Walimkuta bado anacheka. Kisha wakaona kicheko kinapungua, midomo inasoma, inarudi nyuma, inasoma tena.

"Weldon," akasema. "Hapa imeandikwa Dani ndiye baba yako."

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Jonah alimpenda Weldon, na alimwona kijana alivyobanwa, kwa hiyo akamfungulia mlango wa kutokea. "Hiyo stensili ni ya zamani," akasema. "Inaweza kuchanganya. Ni kosa la mashine tu, binti yangu."

Ulikuwa mlango mzuri, umefunguliwa wazi. Weldon akaupiga jicho. Kisha akamtazama Rebeccah. Bado alikuwa amepiga magoti kwenye magunia. Yeye ambaye angeitukana hata radi, alikuwa anatazama viganja vyake vyeusi, na amevifumba kidogo kama mtu aliyeshikwa na kitu kisicho chake. Hapo Weldon aliona aibu, lakini aibu nyingine, ile iliyofaa.

"Si mashine," akasema. "Huyu ni baba yangu. Alimwoa mama kwa ng'ombe, kwa wazee, kwa mila yetu, na mimi ni mtoto wake. Siku mlipokuja hapa niliona haya mbele ya baba yako, nikamwita kogo. Haya zilikuwa zangu. Yeye hana la kuonea haya."

 Christabel akatazama kadi, akamtazama Rebeccah, akatazama kiti alichokalia. Akaruka kutoka kwenye kiti kile kama kimeshika moto.

"Kwa hivyo huyu ni baba mkwe wangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya hasira kweli. "Na wewe umeniacha siku zote hizi. Nimemvuta koti. Nimemwambia nitaolewa na yeye. Weldon, kwetu mtu hamtanii baba mkwe. Kiti chake hata ukifagia chini yake unakizunguka. Mimi nimekalia hiki nikala mahindi. Ulikuwa unanitazama tu?"

"Christabel..."

"Usiniite."

Akatupa kadi, akatoka kwa mlango wa nyuma. Weldon akasikia mlango wa jikoni ukijibamiza, kisha sauti ya mama yake. Jonah akavua miwani akaifuta, na ilikuwa safi. Weldon akajiambia, basi, imeisha. Amepoteza mke kwa kusema ukweli, na bado kidogo apoteze baba kwa kutousema. Alitaka kumfuata Christabel, akafika mlangoni akarudi. Alitaka kumwinua Rebeccah, akaona hastahili. Mwishowe alimwinua, naye akakubali kuinuliwa, akakaa kwenye kiti chake akiwa mzito kuliko siku zote.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Christabel alikuwa amefunga kitambaa kichwani. Mkono mmoja ulibeba beseni, mwingine birika la maji ya moto yaliyochanganywa, na taulo begani. Marcella alimfuata nyuma akasimama pale mlangoni. Jonah, kwa mazoea ya mtu aliyepewa ukuu asiouomba, akakunja mikono ya shati akanyosha viganja. Christabel akampita kama kiti kitupu.

Akapiga magoti mbele ya Rebeccah, akaweka beseni chini, macho ameyainamisha.

"Baba," akasema. "Nawa mikono."

Rebeccah akamtazama.  Akanyosha mikono. Christabel akamimina. Wino ule haukutaka kutoka, na hakuna aliyejali, maji yaliendelea kumiminwa na Rebeccah aliendelea kunawa, kidole baada ya kidole, machozi yanamshuka waziwazi bila yeye kuyafuta, maana mikono ilikuwa na kazi.

"Hizi kadi zimeharibika, Baba," Christabel alisema kwa sauti ya chini, ile ya mkwe. "Kesho nitaenda na baba yangu kwa Phelix. Tutasimama pale mpaka aandike hivi hivi ilivyoandikwa hapa."

Rebeccah akachukua taulo. Akajifuta polepole, akawatazama wote, Jonah na mikono yake mikavu, Marcella mlangoni, kijana wake aliyelowa.

"Hata akiandika vingine," akasema, "nitakuja."

Kisha akamrudishia Christabel taulo, akaketi vizuri, koti akalinyosha magotini. "Weldon," akaita, "unamwacha mke wako apige magoti na wewe umesimama? Mwaga maji."

Weldon akachukua beseni la maji meusi, akatoka nalo nje kwenye mvua, na akakaa huko kidogo kabla ya kurudi.